Mbaazi Chini ya Taa ya Soko

Jumanne

Eti mmea hauna saa! Afisa wa kata amenicheka mbele ya watu nilipomwomba taa ya soko igeuzwe isimulike shamba langu. Mbaazi zilizo karibu nayo hazijatoa hata ua moja. Za kule gizani zimejaa maganda.

Binti yangu Mwende, anayesomea kilimo, alinieleza kwamba mbaazi hupima urefu wa usiku kwa jeni zake ndipo ichanue; taa ikiwaka usiku kucha, mmea hudhani usiku bado ni mfupi.

Nikarudi kwa afisa na matawi mawili, moja la karibu na taa na moja la gizani, nikayaweka mezani pake.

"Mama, hili la majani matupu ni mbegu gani?"

"Ni ile ile. Hilo limekulia chini ya taa yenu."

Akasema niandike barua ya kuomba taa igeuzwe, aipeleke kwa wakubwa wake. Nimeiandika pale pale, na sikutoka mpaka akaigonga muhuri.

Ninachoogopa ni msimu kuisha kabla haijasomwa.