Maiti Aliyevuta Pumzi

Maidenhead,
14 Mei 2004

Wifi yangu mpendwa Winifred,

Pokea salamu zangu, pamoja na za paka, ambaye siku hizi analala upande wa Cyril kitandani. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima. Tangu tumzike kaka yako Februari nilikuwa nakula kwa kujilazimisha, lakini juma hili nimemaliza mkate mzima wa zabibu, kwa hiyo usiwe na hofu.

Nina habari. Ile filamu ya mnyonya damu, ambayo Cyril alilala ndani ya jeneza mwaka 1961, inasafishwa upya. Fundi wa kazi hiyo, binti aitwaye Rhiannon, alinialika niione kabla ya watu wengine. Nilivaa koti la bluu. Popo wa kuning'inizwa kwa kamba, mapango ya plasta, damu nyekundu kama jamu! Nilicheka hadi machozi. Kisha likaja jeneza, na ndani yake Cyril wangu wa miaka ishirini na sita, mweupe kwa poda. Kifua chake kikapanda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimtania kila Krismasi: "Kazi yako ilikuwa kufa tu, ndugu yangu, na hiyo nayo ikakushinda!" Yeye alikuwa akijibu kwamba kufa kunataka mazoezi, huku akiomba aongezewe viazi.

Rhiannon aliniambia kwamba kosa hilo la maiti kupumua limewachekesha watu miaka arobaini, ila sasa kompyuta inaweza kulifuta. Jumatatu angemtuliza marehemu kabisa. Alidhani ananipa zawadi, maskini. Nikamwambia, "Mwanangu, usimguse." Akauliza kwa nini, ikanibidi niseme jambo ambalo hata wewe sijawahi kukuambia.

Asubuhi ya siku ile ya kupiga picha ya jeneza, Cyril alikuwa ameniomba tuoane, nami nikamwambia aniache nifikiri. Wakati ule nilikuwa nasukuma toroli la chai pale studio. Nilipokwenda kuchukua kikombe chake ukingoni mwa jeneza, mwongozaji alikuwa ameshaomba kimya. Nikainama, nikamnong'oneza, "Haya, nimekubali." Kamera ikaanza. Pumzi yenyewe ndiyo hiyo. Hawakuweza kurudia, maana kaburi lile la kuigizia, lililojengwa studio, lilikuwa linabomolewa mchana huohuo ligeuzwe baa ya filamu nyingine. Cyril akalaumiwa, hakuitwa tena, akaenda kuuza viatu, na hakunitaja hata siku moja. Nisamehe, wifi. Miaka yote hiyo nilikuacha umcheke peke yake.

Rhiannon akapangusa pua, halafu akasema, "Basi bibi, marehemu atapumua."

Onyesho ni Jumamosi tarehe 22, saa nane mchana, na nimekushikia kiti. Wasalimie Leonard na wajukuu. Watu watakapocheka, cheka nao kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nitakuwa natazama kifua chake.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Enid