Kila Ukurasa Nikauelekeza Tanga

Makorora,
Tanga.
21 Agosti 2024

Mpendwa Dada Semeni,

Shikamoo, na assalaam aleikum. Miguu inasemaje? Na sukari imeshuka? Sadalla aliporudi mara ya mwisho alituambia umeanza kutembea bila fimbo. Nilimshukuru Mola, lakini Sadalla akisimulia jambo hulitia chumvi, kwa hiyo naomba uniandikie mwenyewe. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mimi ni macho tu na kiwiko cha kulia, na uchovu usioisha hata nikilala mchana kutwa. Barua hii anakuletea Sadalla huyo huyo, anaondoka Jumamosi kurudi huko kwenu Maskati.

Ukuta wa uani ulioanguka na masika bado uko chini. Fundi kaja, kapima, kanywa chai, kaenda zake. Kaburi la Hasina tulilifyeka majani juzi mimi na Samiha, tukamsomea. Mwaka wa tatu huu tangu mke wangu aniache, dada, na nyumba bado naiona kubwa mno.

Sasa nikueleze kilichonichosha. Ukicheka, cheka, haki yako.

Unakumbuka baada ya arobaini ya Hasina, mwanangu Samiha alinifungulia akaunti kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, inayoandikwa na mtu yeyote mwenye moyo? Aliona nashinda barazani natazama njia. Akaniambia, baba, umekuwa karani miaka thelathini, Kiswahili chako safi, kawasahihishie watu makala zao. Basi ikawa kila siku, nikishakunywa chai ya asubuhi, niko kwenye kompyuta mpaka adhuhuri.

Kule kila ukurasa una viungo, yaani neno ukilibonyeza linakupeleka ukurasa mwingine. Nikaona kurasa za kwetu hazitajwi na mtu, nikaingiwa na uchungu, nikaanza kuzitaja mimi. Chini ya ukurasa wa pweza nikaandika: tazama pia Tanga, Ngamiani, Horohoro. Wa baiskeli, Tanga, Ngamiani, Horohoro. Wa malaria, hivyo hivyo. Hata wa theluji, Mungu anisamehe. Kurasa elfu mbili na mia tatu, kwa mkono huu huu. Na nilikuwa najiona nafanya jambo la maana!

Samiha naye, kama ujuavyo, anasoma Dar, anamalizia shahada ya pili ya mambo ya kompyuta. Tasnifu yake ni programu ya kutafuta mambo yanayohusiana ndani ya kamusi hiyo hiyo, bila kusoma maelezo, kwa kufuata viungo peke yake. Ni kama harusi zetu za Ngamiani. Ukiona watu wawili kila harusi wanaalikwa pamoja, hata kama hujui nasaba zao, unajua pana udugu. Ndivyo programu inavyohesabu: kurasa mbili zikitajwa pamoja ndani ya kurasa nyingine nyingi, basi zina uhusiano. Mtu akiuliza malaria, aletewe mbu, homa na kwinini.

Mwezi wa saba mwanzoni alikuja nyumbani kuimalizia. Msimamizi wake alimpa mwisho tarehe kumi na tisa Agosti. Akiikosa, angoje mwaka mzima, na ile nafasi ya kufundisha aliyoahidiwa pale chuoni apewe mwingine. Nikawa namwona anakonda. Chakula anakigusa tu, anarudi kwenye mashine yake.

Siku moja nilimpelekea sahani ya mihogo, nikapita nyuma ya kiti chake, jicho likaangukia kioo. Ameandika malaria, na programu imemletea Horohoro, Ngamiani, Tanga, kisha ndiyo mbu. Wallahi, niliitambua kazi yangu. Nilikuwa nimealika mtaa mzima kwenye kila harusi, na sasa udugu haujulikani.

Unadhani nilisema? Nilifyata ulimi, dada. Siku tatu nzima, mtu mzima na mvi zangu. Najiambia nitasema baada ya swala, swala ikiisha najiambia baada ya kula. Mtoto anateketea mbele ya macho yangu, nami nalinda aibu yangu.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikamwita barazani nikamwambia ni mimi.

"Najua, baba," akanijibu. "Kila ukurasa unaweka historia ya waliouhariri, na jina lako limo. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

Kumbe mwezi mzima mtoto alikuwa anahangaikia hesabu ya kuifundisha programu yake inipuuze, bila mimi kujua. Na hesabu haikutosha, maana viungo vyangu vilizidi. Nikapandwa na hasira, nikamfokea: usomi wako unapotea kwa upuuzi wa mzee, nawe umenyamaza?

Akainama. "Baba, tangu mama afariki, hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuamsha ukiwa na haraka. Ningekwambiaje uache?"

Nililia, dada. Sikuficha wala sikwenda ndani, nililia pale pale barazani watu wakipita na baiskeli zao.

Tukaanza kuvitoa. Mashine isingeweza kuvifuta vyote kwa mkupuo, kwa sababu vingine vilikuwa vya haki. Ukurasa wa mkonge utauandikaje bila Tanga? Ilibidi tuusome mmoja mmoja. Siku kumi na mbili, mimi kwenye mashine yangu na yeye kwenye yake, umeme ukikatika tunangoja. Hapo ndipo kilipoharibikia kiwiko hiki.

Programu ilipoendeshwa upya, malaria ikaleta mbu, homa, kwinini. Nikamwomba ajaribu Tanga. Ikaleta mkonge, reli, bandari, Pangani, Muheza. Karibu vyote vimeunganishwa na watu nisiowajua. Nilifurahi, na iliniuma pia. Mji haukuwa unanihitaji kiasi hicho.

Tasnifu imepelekwa Jumatatu, tarehe ile ile ya mwisho. Namwombea dua, nawe mwombee.

Jana ameniachia orodha. Ni kurasa mia tatu ambazo hakuna ukurasa wowote unaozitaja. Wenyewe huziita yatima. Akasema, baba, hizi ndizo zako, lakini safari hii soma kwanza, uzitafutie ndugu wa kweli. Nimechoka, dada, usinione hivi. Hata hivyo asubuhi nimeifungua. Wa kwanza ni ukurasa wa bada, ule ugali wa muhogo aliokuwa akikupikia Hasina ukija likizo. Mistari minne tu, na hakuna anayeutaja.

Nisalimie sana shemeji Idarusi na wanao wote. Mwinyijuma jirani anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mola akuondolee maradhi na atukutanishe tungali na nguvu za kukumbatiana.

Niwie radhi kwa kukatisha hapa. Ukurasa wa bada nimeuacha katikati, na nina haraka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Badru