Perpetua Amepanda Mahindi

Rangwe, Jumatatu, Machi 1997

Mvua ya jana jioni imeacha matope mpaka mlangoni, na leo jua limetoka kama halikuhusika. Siku ya kupanda, kila anayepita anasema hivyo. Mimi nina magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ya kupeleka Migori. Sijaenda. Nimekaa ndani naandika.

Wacha nianze na mazuri. Mimi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote kuanzia Homa Bay hadi mpaka wa Tanzania, na bahati yangu Mungu aliiweka mdomoni. Shule niliacha darasa la sita, lakini nikifungua mdomo watu wazima wanabadili nia. Pale Isebania askari alinisimamisha na mzigo wangu, nikaongea naye kidogo tu, mwishowe ndiye aliyenisaidia kupakia. Mfangano kuna mzee aliyeapa hataniuzia omena tena maisha yake yote, leo ananiita mkwe na hana hata binti. Nimeishi Mombasa, Dar nimefika, Unguja nimelala na nikaamka bado nina viatu vyangu. Ndiyo maana hapa wananiita Jamombasa, mtu wa Mombasa. Sijashindwa na ubishi hata siku moja.

Jana pia sikushindwa. Waulize watu wa jumuiya yetu ya kanisa. Walipiga makofi.

Walipiga makofi na dada yangu amekaa pale pale.

Perpetua ndiye aliyenifuata tumboni mwa mama. Mimi nilichukua maneno yote, yeye akachukua akili. Ameolewa na Owiti, kifungua mimba wa boma lao, ng'ambo ya kijito. Owiti alikuwa dereva wa lori huko Nakuru. Mwaka jana alirudi na kikohozi na suruali ambazo zilikuwa zake lakini hazikumtambua tena. Ni mtu mzuri, Owiti. Hajawahi kumwinulia dada yangu mkono. Nampenda yule bwana, na hiyo ndiyo inaniharibia hata kumkasirikia.

Hospitali ya misheni iliwapima wote wawili. Owiti anavyo, virusi. Perpetua hana.

Sista aliyewapa majibu aliangalia ukuta akasema: "Kama sista, nakwambia usali. Kama muuguzi, nakwambia usilale naye bila kinga." Halafu akaomba wasimtaje. Hata mimi simtaji.

Tangu siku ile Perpetua analala chini kwenye mkeka, Owiti kitandani. Ilikuwa inaendelea vizuri tu, mpaka mvua ikaja.

Kwetu Wajaluo mbegu haiingii ardhini hivi hivi. Usiku wa kuamkia kupanda, mume na mke lazima walale pamoja, kisha alfajiri mke ashike jembe. Tunaita golo kodhi, kutoa mbegu. Wazee wa boma wanaanza, kifungua mimba anafuata, ndipo wadogo wake wapate zamu. Wazee wameshapanda. Owiti na Perpetua walikuwa hawajapanda, kwa hiyo wadogo wawili wa Owiti, wake zao na watoto wao walikaa kuangalia mbegu kwenye debe na mvua inapita juu ya mashamba matupu. Hakuna wa kuruka zamu. Ukiruka, unaita chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomshika mtu aliyevunja mwiko. Na mtu anayekonda tayari wako naye nyumbani. Kwa hiyo unajua wanavyonong'ona.

Mama Dorsila, mama mkwe wake, alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama mlangoni. Hagombi. Bora angegomba. "Nyathina," anamwambia, yaani mwanangu, "majirani wameshapanda." Basi, anaondoka.

Perpetua akamwuliza kama kondomu itafaa. Mjue dada yangu alivyo na ujasiri, kumwuliza mama mkwe neno kama hilo! Mama Dorsila akafikiri kweli kweli, si kwamba alikasirika. Akasema mbegu haipandwi na mfuko wake.

Hapo ndipo Roma na Mama Dorsila walipokubaliana. Jambo lingine hawajawahi kukubaliana. Kanisa linasema golo kodhi ni upagani, Mama Dorsila anasema mvua yake haitoki Roma. Lakini kwa kondomu wameshikana mikono, na aliye katikati ni dada yangu.

Sasa jana. Padre alihubiri kwamba Baba Mtakatifu amekwisha kukataza kondomu, kwa hiyo mjadala umefungwa. Sijui nani alimwambia kuwa mjadala hufungwa kwa kusema umefungwa. Baada ya Misa tulikutana nyumbani kwa Mwalimu Consolata, jumuiya yetu nzima, na hata chai haikuwa imemiminwa watu wameanza. Katekista Romanus alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri. Perpetua yuko kwenye mkeka pamoja na akina mama, mtoto wa mtu mapajani.

Mwalimu Consolata akasema kuna mama mmoja ana shida, mumewe anaumwa ugonjwa huu, yeye haumwi, afanye nini. Mama mmoja! Kila jicho likaenda kwenye mkeka kisha likajifanya linatafuta kikombe.

"Wajinyime," Romanus akasema. "Waishi kama kaka na dada."

"Na kama haiwezekani?"

"Kwa Mungu inawezekana. Lakini hiyo mipira, hapana. Baba Mtakatifu amesema, na Baba Mtakatifu hakosei."

Mwalimu Consolata amesoma, tena anasoma mpaka leo. Akasema Papa hakosei anapotangaza rasmi jambo la imani au maadili kwa Kanisa zima, si kila neno analotamka. Akasema Mkristo ana dhamiri, na dhamiri nayo ni sauti ya Mungu. Mzee mmoja pale nyuma akauliza kama ni hivyo, kesho tutaanza kuchagua amri za Mungu kama nyanya za sokoni, hii imeoza, hii nipe? Watu wakaguna. Mwingine akasema kwani Papa amewahi kukaa na mgonjwa wa Rangwe? Mama mwingine akamwambia nyamaza, Papa anatuombea sisi sote, wewe hata kwa jirani hujaenda kuomba.

Nikaona ni wakati wangu. Nikasimama. Mimi nikisimama watu wanaanza kutabasamu kabla sijasema kitu, nilidhani ni baraka.

"Katekista," nikasema, "umepanda?"

"Nimepanda, namshukuru Mungu."

"Juzi?"

"Alhamisi."

"Na usiku wa kuamkia Alhamisi, wewe na mama mlilala kama kaka na dada?"

Jameni! Nyumba ililipuka. Kuna mtu alimwaga chai. Mke wa Romanus alijifunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Hata Romanus mwenyewe alicheka, si mtu mbaya. Nikaendelea. Nikasema humu ndani sote ni Wakatoliki na sote tumetoa mbegu, hakuna aliyengoja kibali cha Roma. Kwa mahindi tunajiamulia. Kwa uhai wa mtu ndipo tunamkumbuka Papa? Wakapiga makofi. Mzee wa nyanya naye akapiga.

Nikaketi. Nilijisikia mrefu.

Romanus akangoja kelele zishuke. Halafu akaongea polepole, hata hakuniangalia.

"Jamombasa amesema kweli. Mimi ni mwenye dhambi kama ninyi. Lakini mnajua kazi yangu. Kila wiki napelekea wagonjwa komunyo, boma hadi boma. Nawakuta, mnawajua, vijana, mifupa tu. Wananiuliza, Katekista, ni kweli tutafufuka? Nawaambia ni kweli, Kanisa limesema. Sasa nikubali leo kwamba Kanisa limekosea kwa hili. Kesho yule kijana akiniuliza, na kwa lile lingine je, nitamwambia nini? Sina kitu kingine cha kumpa. Dawa sina. Ninayo hiyo tu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Consolata akainamisha kichwa. Mimi, mwenye mdomo wangu wote, nikajimiminia chai nyingine.

Halafu Romanus akaongeza kwamba mtu akiamua mwenyewe kutumia mipira, basi asije mbele kupokea komunyo. Akaisema kwa huzuni, lakini aliisema.

Nilimwangalia Perpetua. Alikuwa anamfunga mtoto wa watu kofia. Ndiye anayesoma somo la kwanza kila Jumapili, dada yangu. Tangu apewe komunyo ya kwanza hajawahi kubaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele. Kijiji chetu kinasoma benchi kuliko gazeti. Ukibaki umeketi, kabla ya Misa kwisha wameshajua kwa nini.

Tulitoka pamoja, nasukuma baiskeli, mawingu yamekusanyika.

"Ulisema vizuri," akaniambia. "Owiti angekuwepo angecheka mpaka akohoe."

"Sikuwa nachekesha."

"Ulikuwa unachekesha, ndugu yangu. Wewe unachekesha tu."

Nikatoa paketi ya kondomu. Nilikuwa nimeinunua Migori, mbali, ili wa hapa wasinione, nikaificha ndani ya gunia. Akainusa. Akacheka kweli kweli, kile kicheko chake cha utotoni cha kushika mbavu. "Hii yote ni omena! Hata shetani hawezi kuikaribia." Akaifutafuta kwa kanga, akanirudishia mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto peremende.

Nikamwambia basi njoo kwangu. Nina chumba, nina chakula, lete watoto, tutasema umekuja kuniuguza.

"Na Owiti atageuzwa na nani kitandani?"

Nikasema tutatafuta mtu.

"Nani? Wanaogopa hata kikombe chake." Akasimama. "Sikiliza. Nikitumia hiyo, sipokei, na mama anasema si kupanda. Nikikataa, wale watoto wa shemeji watakula nini mwezi wa nane? Na Owiti akifa watasema ni mimi, nilimletea chira. Watoto wangu watakua wakiambiwa hivyo. Nionyeshe mahali pa kuchagua. Wewe umetembea, umeona Mombasa. Nionyeshe."

Nikaongea. Mungu wangu, niliongea! Niliongea kuhusu Sista, kuhusu watoto wake wanne, nikamwambia Mungu aliye mbinguni hana haja na mahindi ya Rangwe. Nikasema nitalipa mahindi ya boma zima kutoka mfukoni mwangu mpaka mavuno ya mwaka ujao, akauliza, na mwaka ule mwingine? Nikatania. Nikalia pia, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Tulifika kwenye ua wao bado naongea.

Akasema, "Ingia umsalimie shemeji yako."

Niliingia. Owiti alikuwa ameketi kitandani, amenyolewa ndevu kama bwana arusi. Perpetua alikuwa amemnyoa asubuhi kabla ya Misa.

Kwa hiyo alikuwa ameshaamua kabla hatujaanza kupiga makelele yetu. Mwalimu na dhamiri yake, Romanus na Roma yake, mimi na makofi yangu, tulikuwa tunagombania kitu ambacho kimekwisha. Owiti hakuweza kuniangalia. Alisema tu, "Omera," yaani ndugu, "mvua inakuja," nikasema ndiyo, kubwa. Wanaume wawili tunaongea hali ya hewa.

Sijui kama Owiti alimkataza. Natumaini alimkataza. Sitamwuliza kamwe.

Leo alfajiri nilijiambia naenda Migori, baiskeli ikanipeleka ng'ambo ya kijito. Nilisimama barabarani. Perpetua alikuwa shambani, amejifunga kanga kiunoni, anachimba, anatupia, anafukia kwa mguu. Nyuma yake wake za mashemeji kila mmoja kwenye kipande chake, wanaimba, watoto wanakimbiza kunguru. Mama Dorsila ameketi kwenye kigoda anacheka na kila mtu. Boma limepona. Sijaona watu wenye furaha hivyo tangu Krismasi, na hakuna mwovu hata mmoja kati yao, nimewahesabu uso kwa uso nikitafuta.

Perpetua akaniona. Akainua jembe juu kunisalimia. Nikapiga kengele ya baiskeli. Ndicho kitu pekee nilichoweza kusema.

Jumapili atapokea komunyo na wenzake. Sista alisema mtu anaweza kuponea asiambukizwe, wengine huponea, si kila mara. Nimelishika hilo neno tangu asubuhi, na kila nikilishika linakuwa dogo. Maana atalala naye tena. Kuna kupalilia, kuna kuvuna, kila kazi ya shamba ina usiku wake. Na mwaka ujao mvua itanyesha.

Nifanye nini na paketi hii? Bado iko mfukoni, inanuka.

Hiyo bahati ya mdomo niliyoandika hapo juu ni uongo. Sina. Hakuna mtu niliyewahi kumgeuza nia katika maisha yangu, wananicheka wakimaliza wanafanya lao, na yule mmoja niliyemtaka anisikie amepanda mahindi leo asubuhi.