Ushirikiano wa Kwanza, kwa Mara ya Pili

Shoga, umekosa uhondo. Leo Profesa, Mkurugenzi wetu wa ushirikiano, ametafuta pa kuficha uso.

Kaita wageni wa chuo cha kilimo, tusaini nao "ushirikiano wetu wa kwanza". Kalamu mkononi, akawaambia, "Sisi kila mkataba tunaukagua kila mwaka."

Kila mwaka, shoga.

Mama mmoja mgeni akafungua mkoba taratibu, akatoa mkataba uleule. Wa miaka mitano iliyopita. "Profesa, hii si saini yako?"

Ni yake. Na ule mkia wake wa mbwembwe.

Akakohoa. "Basi leo tunauhuisha."

Mama akauliza ripoti za kamati ya kusimamia mkataba huo ziko wapi. Mkurugenzi akanigeukia: katibu wa kamati ni nani?

Nikasoma ukurasa wa mwisho wa mkataba.

Ni wewe. Likizo njema, mpenzi.