Mama Yunisi Ameomba Tumjue

Nsemulwa, Mpanda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti kabisa, ingawa huku hakuna anayeniona ila Furaha, naye ananicheka. Mgongo wako unaendeleaje? Maharage mmeshaanika au mvua imewawahi? Sisi tu wazima. Mjukuu wako ameota meno na ameanza kuyatumia. Mwambie wifi akusomee taratibu, asiruke mistari kukimbilia salamu zake, zipo mwishoni.

Najua kuna jambo linakukera. Mzee Ntahondi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikwambia tu, "Binti yako ameulizwa huko Mpanda, tumemjibu," akaenda zake. Yule mzee maneno anayatoa kwa kijiko. Basi kaa chini nikusimulie, maana mimi mwenyewe hadi leo sijaacha kushangaa.

Unakumbuka nilikuwa naishi kwa Kabula, Msukuma wa Kakese tunayeshona naye sokoni. Wakwe zake walikuja kutibiwa, nyumba ikajaa, ikabidi nitafute chumba haraka. Nikikosa, nipande basi na mtoto nirudi Kasulu, na kazi yenyewe ndiyo kwanza imeanza kunikubali. Nikadhani chumba ni kugonga mlango na kuomba. Kumbe huku wenye nyumba walikuwa wameitwa kwenye mkutano wa mtaa, wakaambiwa sheria ilivyo: kabla hujampa mtu ufunguo, hakikisha ni raia, au mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini. Ukimpangisha asiye nacho, mahakamani mnakwenda wote wawili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akija, mwenyeji anashikwa na homa.

Na mimi, Mama, kitambulisho cha taifa bado nakisubiri, unajua. Mdomo wangu nao ni wa Kiha mtupu. Nyumba mbili waliponisikia tu wakasema chumba kimeshachukuliwa. Mmoja aliniambia wazi, "Muha na Mrundi mimi nitawatofautishaje, dada?"

Nyumba ya tatu ni ya mjane anaitwa Mama Yunisi. Alinipenda, niliona wazi. Akanionyesha chumba, ufunguo ukiwa mkononi, akamshika Furaha shavu. Halafu, kama aliyejisahau, akanisemesha kwa Kirundi: nimechoka, nipewe maji? Mama, nilikuwa na kiu na nilikuwa nimeikumbuka lugha ya nyumbani. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Nikamshukuru kwa Kiha mbio mbio, tena kwa furaha, kwamba ndiyo, naomba maji.

Akaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga. "Samahani mwanangu. Chumba hakuna."

Nilikasirika. Nikamwambia mimi ni Mtanzania, na baba yangu, na babu yangu. Hakupandisha sauti. "Kila mtu anasema hivyo. Hata mimi nilikuwa nasema kabla sijawa." Akanieleza kuwa amezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi. Alingoja uraia mpaka ujana ukamwishia. "Mwingine akikosea watasema amekosea. Mimi nikikosea watasema Mrundi kamficha Mrundi mwenzake. Aliyeumwa na nyoka, mwanangu, akiona unyasi anashtuka."

Nikainuka niondoke. Akaniangalia mtoto mgongoni, akasema, "Ngoja. Kwenu nani anakujua?" Nikampa namba ya Mzee Ntahondi. Akaikataa! "Nitajuaje si ya mjomba wako wa Bujumbura? Twende kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa mtaa akampigia mtendaji wa kijiji chetu, mtendaji ndiye akatoa namba ya balozi. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, mimi nikaambiwa nisifungue mdomo. Mzee Ntahondi alikuwa kwenye mashine ya kusaga, na foleni yote ikiwa hapo.

"Skola yupi? Wa marehemu Yohana? Mwenye kovu la uji mkono wa kushoto?"

Mama Yunisi akaushika mkono wangu, akaugeuza. Kovu likawa hapo.

Basi mashineni pakachafuka. Mama mmoja akasikika, "Huyo nilimpokea mimi, alitanguliza miguu!" Mwingine, "Babu yake ndiye aliyechimba kisima cha shule!" Mwingine akalia kwamba baba tulimzika siku ya mvua, jeneza likapita mtoni mabegani mwa watu. Na mama mmoja kwa nyuma, "Mwambieni arudishe ungo wangu!" Mwenyekiti alicheka akafuta machozi, akasema huyu ni raia hadi ungo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najiona peke yangu duniani, na mtoto mgongoni na cherehani ya kuazima. Kumbe huko watu wamenibeba mzima, hata mambo ya siku niliyozaliwa, wakingoja tu aulize mtu. Niliogopa jinsi mtu anavyoogopa akiingia kanisani mchana peke yake.

Mwenyekiti akaandika jina langu, Mama Yunisi akanipa ufunguo. Tukarudi pamoja. Karibu na nyumbani akasimama.

"Wewe umeulizwa, kijiji kimeitika. Mimi nilipoulizwa, iliitika karatasi. Naishukuru, nimeitunza kuliko sahani zangu za harusi. Ila haijui nilizaliwaje. Walionijua Katumba, wengine walirudi Burundi, wengine wako ardhini. Leo ikipigwa simu kuniulizia, nani ataipokea?"

Jana tu, nikiosha vyombo, akaniambia kwa haya kama msichana, "Ukimwandikia mama yako, na mimi unitaje."

Kwa hiyo nisalimie wifi, mwenye kukusomea. Nisalimie mjomba wa hapo kijijini, na mkunga wangu. Mwenye ungo mwambie nimeusikia, hadi Mpanda nimeusikia. Mzee Ntahondi mpe heshima zangu zote, kisha nendeni naye mashineni siku yenye foleni, wifi awasomee watu hapa pa mwisho kwa sauti.

Huku Nsemulwa kuna mama anaitwa Mama Yunisi, ndiye aliyempa binti yenu chumba. Ana kovu la jembe juu ya kisigino cha kulia; alijikata akiwa mdogo, akilima na baba yake. Anapenda maji ya mtungi, na akicheka hufunika mdomo. Siku yoyote ikipigwa simu kumuulizia, msisite. Semeni mnamjua.

Ni mimi mwanao,
Skola wa kovu la uji