Nilimsingizia Rahel kwa Saa ya Seva

Mpendwa mshauri Mama Cornelia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kuna kikao na mama wa watu atafukuzwa kazi kwa kosa ambalo nimegundua ni langu, na majina naomba uyabadilishe yote.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika shirika dogo la mifugo hapa Sumbawanga, ndiye ninayetunza tovuti tunakoweka ratiba ya chanjo ya ng'ombe, wafugaji wa Muze huifungua kwenye simu wajue siku ya kuleta mifugo, na wiki mbili zilizopita ratiba ilitoweka, folda nzima haipo, Alhamisi ya chanjo ikafika na afisa mifugo wetu, dada Sayi, akakaa Muze na maboksi ya dawa mpaka barafu ikayeyuka, hakuletewa hata ndama mmoja.

Mkurugenzi wetu, Mzee Leonardi, akataka aliyefuta apatikane, nikafungua logi, yaani yale mafaili ambayo seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, huandika yenyewe nani ameingia, amefanya nini na saa ngapi, nikakuta mstari unaosema folda imefutwa Jumanne, 05:12, kutoka kompyuta ya ofisini. Kompyuta hiyo tunaitumia wawili tu, mimi na katibu muhtasi wetu mama Rahel, tena kwa neno la siri moja, na saa kumi na moja alfajiri ofisi imefungwa, na tovuti niliiweka Kiswahili chote, basi nikajiaminisha kuwa hiyo ni saa tano asubuhi kwa hesabu ya kwetu, na saa tano Jumanne ile mimi nilikuwa stendi nafuata mzigo, Rahel yuko peke yake. Nikaandika ripoti. Mengine watu wakamalizia wenyewe, kwamba msimu uliopita ng'ombe waliingia shamba lake la ulezi kule Mollo, kwamba sasa amelipa kisasi, na wafugaji nao, wengi wao wageni huku, wakaanza kusema Wafipa, yaani kina Rahel, hawatutaki. Rahel amesimamishwa, miaka tisa ya kazi, alichukua kikapu chake akaondoka.

Sasa dada Sayi, ambaye ndiye aliyeaibika, tena mbele ya baba yake mzazi Mzee Malimi anayefuga kulekule Muze, nilitegemea awe wa kwanza kumlaani Rahel, lakini alikuja mezani kwangu akavuta kiti, akataka nimwonyeshe faili lote la siku ile, siyo mstari mmoja. Mama, huyu dada hajasomea kompyuta hata wiki. Alisema baba yake akimfuatilia ng'ombe aliyepotea huanza na nyayo zake mwenyewe, zile anazojua alizikanyaga lini, ndipo anazipima nyingine. Basi akatafuta za kwake. Jumanne ile alifungua ratiba kwa simu saa moja na nusu asubuhi, anakumbuka kwa sababu alikuwa anasubiri gari, na kweli tukamkuta, aina ya simu yake ileile, ukurasa uleule, na seva imeandika 04:30. Akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza, "Kama mimi wa saa moja na nusu nimeandikwa hivi, huyu wa 05:12 ni wa saa ngapi?"

Ni wa saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Seva yetu tumeikodi nje ya nchi, iko nyuma yetu kwa saa tatu, na yenyewe inasema hivyo mwishoni mwa kila mstari kwa tarakimu ambazo mimi huwa naziruka. Saa mbili Rahel hajafika, kwani Jumanne huanzia posta. Aliyekuwepo ni mimi, nasafisha folda za zamani. Nikaenda kuitazama folda ya mwaka jana niliyodhani niliifuta asubuhi ile, nikaikuta ipo, imetulia. Nilikuwa nimefuta ya mwaka huu.

Dada Sayi hakunigombeza. Alisimama akasema, "Mimi nimemaliza, linalobaki ni lako," akarudisha kiti mahali pake, na mimi nilimheshimu mpaka nikaona haya. Sasa nawaza niandike ripoti nyingine kwamba ushahidi hautoshi, ili Rahel arudi kazini na mimi nisiumbuke, maana mji mzima unaniita mtaalamu. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?

Niliyebanwa, Sumbawanga

*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na dada Sayi, wewe subiri kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili yake. Mtu ameshinda juani na dawa zinaharibika, ameaibishwa mbele ya nduguze, analetewa wa kumchukia akiwa tayari kwenye sahani, naye anavuta kiti na kuanza kujikagua mwenyewe. Mwaka wa ishirini na mbili huu nasoma barua za watu, na wa namna hiyo sijakutana nao wengi. Mzee Malimi apokee salamu zangu, amelea mtoto.

Haya, wewe. Seva ilijifunza Kiswahili lini? Umesomea kitu hicho, umeajiriwa kwa kitu hicho, halafu tarakimu zinazokueleza saa ni ya wapi unaziruka kama dimbwi. Lakini kukosea saa ni ubinadamu, na kufuta folda isiyo yenyewe pia ni ubinadamu. Mimi nilifuta picha zote za kipaimara cha mjukuu wangu nikitafuta nafasi ya nyimbo za kwaya kwenye simu. Hayo nakusamehe. Kilichoniudhi ni kwamba mlikuwa wawili, na wewe ukaanza msako ukiwa umeshajitoa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu ukakagua nguo za Rahel.

Nikupe na haki yako. Faili hilo unalitunza wewe, ungeweza kulifuta lote, na asingekuwepo wa kukuuliza zaidi ya dada Sayi. Hukulifuta. Folda ya zamani ulikwenda kuitazama bila kutumwa, kisha ukaniandikia ukweli wote. Moyo unao, umepungukiwa miguu tu.

Hiyo ripoti ya ushahidi hautoshi iache. Ukiiandika, Rahel atarudi mezani kwake na kila mfugaji atakayeingia atamwona mkosaji aliyeponea kwa kukosekana shahidi. Shamba lake la ulezi liko palepale na ng'ombe wapo, na siku mnyama mmoja atakapovuka mpaka watu watashikana kwa jambo ulilolizua wewe.

Chapisha faili lote la siku ile, mstari wa Sayi na wa kwako uweke alama ya kalamu. Nenda mwenyewe Mollo, nyumbani kwa Rahel, ukifika useme, "Mama Rahel, ni mimi niliyefuta." Hayo kwanza, habari za seva baadaye, kama atataka kuzisikia. Akikufukuza, ondoka. Ukitoka hapo mwone Mzee Leonardi kabla ya kikao, usingoje mpaka watu wakae. Siku ya mnada shuka Muze ukawaambie wafugaji kwa sauti yako, na usimtume dada Sayi akusemee, ya kwake ameshafanya. Na kila mtu awe na neno lake la siri. Kazi unaweza kuipoteza, sikudanganyi, lakini hiyo ni yako kuipoteza, ya Rahel siyo.

Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba. Ila Rahel hahitaji kuona jina lake ili ajijue humu, na gazeti hili hutoka mjini Jumatano asubuhi, mchana liko Mollo. Likimfikia kabla yako, utakuwa umeungama kwa mji mzima ukamruka yeye.