Selina Ndani ya Maji na Gauni Zito

Igoma,
Mwanza.
19 Julai 1994

Mpendwa mdogo wangu Malimi,

Pokea salamu za nyumbani. Huko Tunduru mnaendeleaje? Mguu umepona? Sisi wazima kabisa, ila mimi nimevimba kichwa, na ukisoma utanisamehe.

Jumapili mpwa wako Selina alibatizwa ziwani. Gauni nilimshonea mwenyewe kwa pazia zito la mitumba, maana sikutaka lielee watu wakaona mapaja ya mwanangu. Hakuna aliyekuwa na gauni kama lile.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali, maji baridi kama ya mtungi. Foleni ya wanaobatizwa ikiwa ndani ya maji, jirani yetu mzee, bibi Kabula, akakanyaga pasipo na chini, akachukuliwa. Mchungaji hajui kuogelea. Selina akajitupa, na gauni lake.

Malimi, nilimwona ameachama, pumzi imemkata, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi. Gauni likajaa hewa mgongoni, kisha likalowa, likaanza kumvuta chini. Nikajisemea, nimemshonea mwanangu sanda.

Lakini hakupapatika. Alilala chali, akatulia mpaka pumzi ikarudi, vile vile ulivyomfundisha akiwa mdogo. Ndipo akapiga miguu taratibu, akamshika bibi kwa nyuma, akamvuta hadi kwenye mawe. Msichana wangu huyo!

Kutoka, miguu haikumbeba. Mwili wote unatetemeka, vidole vimekakamaa hata kikombe cha uji hakishikiki; nikamnywesha kama kichanga.

Mchungaji akasema kwa kuwa ameshazama, inatosha. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Mchungaji, mwanangu habatizwi kwa bahati mbaya."

Basi jua lilipopanda akarudi majini na gauni jepesi la kuazima. Anasema safari hii maji hayakumshtua sana. Ila alipoulizwa kama anaamini, meno yakagongana, jibu halitoki. Bibi Kabula, amejiviringisha vitenge huko ufukweni, akamjibia: "Anaamini huyo. Mbatize upesi, mtoto anaganda."

Mchungaji alimzamisha huku anacheka.

Selina anakuamkia, shikamoo mjomba. Baba yake anawasalimu sana. Msalimie wifi yangu Justa na watoto wote. Mungu aibariki mikono yako iliyomfundisha mwanangu kulala juu ya maji.

Dada yako akupendaye daima,
Dorotea